Mistari Saba Isiyo na Jina

Ndugu msomaji, ukipata siku moja orodha ya washindi wa Tour de France, mashindano ya baiskeli yaliyoanzishwa mwaka 1903, utaona kwamba imekatika mahali patatu. Mara ya kwanza ni miaka ya 1915 hadi 1918. Mara ya pili ni miaka ya 1940 hadi 1946. Hapo maelezo hayahitajiki: Ulaya ilikuwa vitani, na barabara zilikuwa za askari. Mara ya tatu ni tofauti. Kuanzia 1999 hadi 2005 mbio zilifanyika kila mwaka, vijana wakapanda milima ya Alpes na Pyrénées, watu wengi mno wakasimama kando ya barabara, na kila mwezi wa saba mtu mmoja akavikwa jezi ya manjano mjini Paris. Hata hivyo, mahali pa jina la mshindi hapana kitu. Ni mistari saba isiyo na jina.

Jina lililokuwapo ni la Lance Armstrong wa Marekani. Alikuwa ameugua saratani iliyofika hadi mapafuni na kwenye ubongo, akapona, akarudi kwenye mbio na kushinda mara saba mfululizo. Wagonjwa wengi duniani walimtazama kama ishara ya tumaini. Mwaka 2012 USADA, wakala wa Marekani wa kupambana na dawa haramu michezoni, ilitoa ushahidi wa kurasa nyingi, na ndani yake mlikuwa na maneno ya watu 11 waliowahi kuwa timu moja naye. Mwezi wa kumi wa mwaka huo Shirikisho la Kimataifa la Baiskeli, UCI, lilimvua ushindi wote saba. Januari 2013 alikiri mwenyewe katika televisheni. UCI iliamua pia kwamba ushindi ule hautapewa mtu mwingine yeyote, kwa kuwa wingu la shaka lilikuwa limefunika kipindi kizima, na wengi wa wale waliosimama pamoja naye jukwaani walikuja kuhusishwa na udanganyifu uleule.

Mimi ni mtu wa kinga, kama tunavyoiita baiskeli huku kwetu Katanga. Kwa miaka zaidi ya ishirini imenipeleka kwenye kapela za mbali, na njiani hupishana na watu wanaosukuma magunia ya makala kuelekea Lubumbashi, mzigo umepita kichwa cha mwenye kuusukuma. Kwetu kinga ni chombo cha kazi kabla ya kuwa chombo cha mchezo. Labda ndiyo sababu vijana wetu huelewa upesi habari za mbio: wanajua kilima ni nini, tena wanakijua kwa magoti yao.

Mwezi wa tisa mwaka 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yalifanyika kwa mara ya kwanza katika bara letu la Afrika, mjini Kigali. Kwa sisi Wakongo jina la mji huo halitajwi siku hizi bila moyo kuuma, wala sitaki kulipita jambo hilo kana kwamba halipo. Lakini vijana ni vijana. Walizifuata mbio kwenye simu zao, na baada ya mkutano wetu mmoja mazungumzo yakaanzia kwa washindi wa leo yakafika kwa Armstrong. Hapo kijana mmoja mwenye akili nzuri, anayesomea ualimu kama nilivyousomea mimi zamani, akasema hivi: “Mwalimu, ikiwa wote walitumia dawa, basi mbio zilikuwa sawa. Kama wote wameiba, ni nani aliyeibiwa?”

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa maana neno hilo nimelisikia mahali pengi pasipo na baiskeli hata moja. Nimelisikia sokoni, nimelisikia ofisini, nimelisikia shuleni. Lina sura ya hekima, na mtu asipolijibu vizuri litamkalia moyoni. Ningependa kulijibu hapa polepole, kama ninavyopenda kufanya darasani, nikianza na mambo yenyewe kabla ya kufikia fundisho lake.

Jambo la kwanza: hata kama wote wangekuwa wametumia dawa, mbio zisingekuwa sawa. Dawa kubwa ya miaka ile iliitwa EPO. Ni homoni ambayo figo za binadamu huitoa zenyewe, nayo huamuru mwili utengeneze chembe nyekundu za damu, zile zinazobeba hewa safi kutoka mapafuni kwenda kwenye misuli. Wataalamu waliitengeneza kwa ajili ya wagonjwa, hasa wagonjwa wa figo waliopungukiwa damu. Mwendesha baiskeli mwenye afya akichomwa dawa hiyo, damu yake hubeba hewa nyingi kuliko alivyojaliwa, naye hupanda mlima kwa nguvu isiyo yake. Damu hiyo huwa nzito pia, na moyo hupata shida kuisukuma.

Kwa muda mrefu hapakuwa na kipimo cha kuitambua. Mwaka 1997 UCI iliweka mpaka: mwanamume ambaye chembe nyekundu zimepita asilimia 50 ya damu yake hakuruhusiwa kuanza mbio. Kipimo cha EPO yenyewe kilianza kutumika katika Michezo ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000. Hivyo yule mpaka wa asilimia 50, uliowekwa kwa nia njema, uligeuka kuwa kama ruhusa: panda hadi hapo, ila usipite.

Tufanye sasa hesabu ndogo. Mmoja amezaliwa na asilimia 41, mwenzake amezaliwa na asilimia 48. Wa kwanza ana nafasi ya kuongeza alama 9 bila kushikwa; wa pili ana nafasi ya alama 2 tu. Yule ambaye Mungu alimjalia damu bora kwa ajili ya milima ndiye ambaye dawa haimpi kitu, na kipaji chake kinafutwa kwa sindano ya jirani yake. Ongeza hapo kwamba miili haiipokei dawa kwa namna moja, kwamba daktari stadi alikuwa wa wenye pesa, na kwamba wapo waliothubutu kuhatarisha uhai na wapo walioogopa. Mbio zile ziliacha kupima miguu na moyo. Zilipima mfuko, daktari, na wepesi wa kusema uongo. Kwa hiyo mtu asiseme kwamba dhambi ya wote huwafanya wote kuwa sawa. Hata katika wizi wapo wanaopata zaidi na wapo wanaopata kidogo, na mara nyingi anayepata zaidi ni yule aliyekuwa nacho tangu mwanzo.

Jambo la pili ni zito zaidi: si kweli kwamba wote walitumia. Mwaka 1998, siku chache kabla ya Tour kuanza, gari la timu ya Festina lilikamatwa mpakani kati ya Ubelgiji na Ufaransa likiwa limejaa dawa. Waendeshaji walipohojiwa walikiri, mmoja baada ya mwingine. Lakini katika timu hiyohiyo alikuwamo kijana Mfaransa, Christophe Bassons, na wenzake wenyewe walishuhudia kwamba yeye alikuwa amekataa dawa siku zote. Mwaka uliofuata aliingia Tour akiwa na timu nyingine, akawa anaandika maoni yake katika gazeti la Le Parisien. Aliandika alichokiona: kwamba mwendo ule haukuwa wa kuaminika, na kwamba mambo hayakuwa yamebadilika kama watu walivyotangaziwa.

Kundi zima likaacha kuzungumza naye. Siku ya kupanda Alpe d'Huez, Armstrong, aliyekuwa amevaa jezi ya manjano, alimfikia barabarani akamwambia kwamba maneno yake yanaudhuru mchezo, na kwamba ni afadhali aende zake. Siku chache baadaye Bassons aliondoka kwenye mbio kabla ya kufika Paris. Mwaka 2001 akaiacha kabisa kazi ya kuendesha baiskeli, akiwa hajafika miaka thelathini. Baadaye alifanya kazi katika wizara ya michezo ya nchi yake, akipambana na dawa haramu.

Hapa ndipo ninapomjibu yule kijana wetu. Unauliza nani aliibiwa? Aliibiwa Bassons. Wala usiseme kwamba aliibiwa jezi ya manjano, kwa maana labda asingeivaa kamwe. Aliibiwa kitu kikubwa zaidi: nafasi ya kujua angekuwa nani. Kila mtu anayejitaabisha kwa haki anastahili walau jambo hilo moja, kufika mwisho wa nguvu zake na kuona mahali alipofika, iwe ni wa kwanza au wa hamsini. Bassons alipimwa kwa mizani ya uongo miaka yote ya ujana wake. Leo hakuna hakimu, hakuna mtaalamu, hakuna kompyuta inayoweza kutuambia alikuwa wa ngapi. Wala yeye mwenyewe hajui. Na ukimfikiria yeye, fikiria pia wale ambao majina yao hatutayasikia kamwe: vijana waliofika mlangoni mwa mchezo huo, wakaona bei ya kuingia, wakarudi nyumbani.

Jambo la tatu linahusu haki inayokuja kwa kuchelewa. Mtu anaweza kusema: lakini wadanganyifu wengine waliadhibiwa, na walioibiwa wakarudishiwa. Ni kweli, tena ni vizuri. Mwaka 2006 Floyd Landis wa Marekani alishinda Tour, kisha akapatikana na dawa. Mhispania Óscar Pereiro akatangazwa mshindi na kukabidhiwa jezi ya manjano katika sherehe ndogo mjini Madrid, mwezi wa kumi wa mwaka 2007. Mwaka 2010 Alberto Contador alimshinda Andy Schleck wa Luxembourg kwa sekunde 39. Mwanzoni mwa mwaka 2012 mahakama ya michezo ilimvua Contador ushindi huo kwa sababu ya dawa iliyokutwa katika kipimo chake, na Schleck akaandikwa wa kwanza. Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi na kuanza kuendesha baiskeli huko Kenya, alikuwa wa pili katika mashindano ya Hispania mwaka 2011, nyuma ya Juan José Cobo kwa sekunde 13. Alitangazwa mshindi mwaka 2019. Sekunde 13 zilirudishwa baada ya miaka 8.

Lakini ni nini hasa kilichorudishwa? Jina kwenye orodha, ndiyo. Kombe, ndiyo. Jioni ile yenyewe haikurudishwa: umati, wimbo wa taifa, mama aliyekuja kutoka mbali kumwona mwanawe, ngazi ya juu ambayo mtu mwingine aliikanyaga. Mshindi anayetangazwa baada ya miaka 8 hupokea ukweli, na ukweli ni wa thamani; furaha, hata hivyo, ilikwisha kutumiwa na mwizi. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, na alifanya vema kwa sababu alikuwa ameiba pesa. Pesa huhesabika na hurudishika. Mwaka 2018 Armstrong mwenyewe alikubali kulipa dola milioni 5 ili kumaliza kesi na serikali ya Marekani, kwa maana timu yake ilikuwa imedhaminiwa na shirika la posta la nchi hiyo. Je, mara nne ya ujana wa mtu ni kiasi gani? Italipwa kwa sarafu gani?

Tena wizi wa namna hii una tabia ya kuendelea hata baada ya mwizi kuondoka. Huko Kigali, tarehe 28 Septemba 2025, mbio za wanaume zilikuwa za kilomita 267 zenye vilima visivyokwisha, na waliomaliza walikuwa 30 tu. Tadej Pogačar wa Slovenia alikwenda peke yake kwa zaidi ya kilomita 60 akashinda. Mtu huyu hajawahi kupatikana na kosa lolote la dawa. Hata hivyo, kila anaposhinda, wapo wanaotikisa kichwa na kunong'ona. Wananong'ona kwa sababu walikwisha kudanganywa mara moja, tena na mtu waliyempenda. Anayeendesha kwa haki leo analipa deni la aliyedanganya jana.

Analipa kwa njia nyingine pia. Mwanamichezo wa ngazi ya juu leo hulazimika kuandika, kwa kila siku ya mwaka, mahali atakapokuwapo kwa saa nzima ili wapimaji waweze kumkuta bila taarifa. Akikosekana mara tatu ndani ya miezi 12, anahesabiwa kuwa amevunja sheria. Tangu mwaka 2008 damu ya waendeshaji hufuatiliwa mwaka hata mwaka katika kile kinachoitwa pasipoti ya kibiolojia, ili badiliko lisilo la kawaida lionekane. Nani angekubali kuishi hivyo kama hakulazimishwa? Mtego uliotegwa kwa ajili ya wezi unawabana kwanza walio waaminifu. Na bado nasema mtego huo ni wa lazima. Tarehe 1 Julai 2024 Biniam Girmay wa Eritrea alifika wa kwanza mjini Torino, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda siku moja ya Tour de France. Mwaka huo alishinda siku tatu na kupeleka jezi ya kijani nyumbani. Watu wa Asmara waliijaza mitaa kwa furaha. Furaha ya namna hiyo inahitaji msingi wa kusimamia. Wanaovumilia vipimo vile wanailinda furaha ya watu wasiowajua.

Kijana wetu alisikiliza hayo yote, kisha akaniuliza tena, “Sasa Mwalimu, mtu mmoja angefanya nini mbele ya kundi zima?” Ni swali la haki. Mwaka 2004 Mwitalia Filippo Simeoni, aliyekuwa amekwisha kukiri makosa yake mwenyewe na kutoa ushahidi dhidi ya daktari aliyemhudumia Armstrong, alijaribu siku moja kuwafuata waliotangulia mbele ya kundi. Hakuwa tishio kwa yeyote. Alikuwa nyuma sana katika msimamo. Mwenye jezi ya manjano akatoka kundini akamfuata, mpaka Simeoni akalazimika kurudi. Armstrong akapitisha vidole midomoni kama anayefunga zipu, na ulimwengu wote ukaona katika televisheni. Walioona hawakuwa vipofu. Walinyamaza kwa sababu kila mmoja alikuwa na mkataba, mke na watoto, au siri yake mwenyewe. Miaka 8 ilipita kabla ya ukweli kuandikwa. Mtu mmoja hawezi kulisimamisha kundi, ni kweli. Lakini wale 11 waliosema mwishoni walikuwa kila mmoja mtu mmoja.

Nilisema kwamba neno la “wote wameiba” nimelisikia mahali pasipo na baiskeli. Katika shule moja niliyowahi kufundisha, wanafunzi wa mwaka wa mwisho walitakiwa kuchanga pesa kabla ya mtihani ili “mambo yaende vizuri”. Kila msomaji wetu anajua maana ya maneno hayo. Walimu wachache tulikataa kuishika orodha ya mchango. Orodha ikapata mikono mingine. Katika darasa hilo alikuwamo msichana ambaye mama yake aliuza makala kwa vipimo vidogo vidogo. Hakuchanga. Sijui kama ni kwa kukosa pesa au kwa kukataa, maana hakutaka kusema. Aliandika mtihani wake peke yake, akapata asilimia 56. Wale waliochanga, hata waliokuwa wakisinzia nyuma ya darasa, walimpita mbali.

Watu walimpongeza kwa sababu alifaulu. Mimi nilikuwa nikiyaangalia madaftari yake, na nilijua kwamba asilimia 56 za mwenye kuandika peke yake si sawa na asilimia 70 za mwenye kuandikiwa. Lakini karatasi haisemi hivyo. Anayetoa nafasi ya masomo au kazi atasoma namba tu. Miaka inapita, na mahali fulani mgonjwa anatibiwa na mtu aliyenunua majibu, au watoto wanafundishwa na mwalimu ambaye hakujifunza, huku aliyestahili akikaa sokoni na vipimo vya makala. Kwa hiyo tukisema “wote wameiba”, tunamfuta msichana yule mara ya pili. Mara ya kwanza alifutwa na waliochanga. Mara ya pili anafutwa na sisi tunaosema kwamba mtu kama yeye hayupo.

Hilo ndilo kosa kubwa la msemo huo, nao unapendwa kwa sababu hiyohiyo. Ukisema wote, humwoni mmoja. Na usipomwona mmoja, huna wa kumtetea, wala huna wa kukuaibisha.

Nadhani UCI ilifanya vema kuiacha mistari ile saba bila jina. Afadhali nafasi tupu kuliko uongo, na mtoto atakayeisoma orodha hiyo baada ya miaka hamsini atalazimika kuuliza sababu. Lakini mstari mtupu si haki; ni alama tu ya mahali ambapo haki ilipaswa kuwapo. Haki ingekuwapo kama ingelindwa siku yenyewe, njiani, na watu waliokuwa wakimwona Bassons akiendesha peke yake wasimsogelee.

Ndugu msomaji, katika jumuiya yako, kazini kwako, katika shule ya watoto wako, yupo mtu anayepanda mlima kwa nguvu zake mwenyewe, na labda ni wa mwisho. Mtafute umjue kwa jina. Ukimwona kundi limemnyamazia, sogea karibu naye mwendo kidogo, hata kama huna la kusema. Na siku utakaposikia kwamba wote wamo, litaje jina lake.